Besimenti yangu ndogo nataka iwe chumba cha mama, nianzie wapi?

Kisiki_Baridi (mtoa mada)

Wakuu, poleni na majukumu. Niko nje kidogo ya Minneapolis, mwaka wa pili huu tangu tununue kijumba cha zamani, cha 1954. Juu kuna vyumba viwili, kimoja chetu na kingine cha watoto watatu ambao kila usiku ni kesi. Chini, ardhini kabisa, kuna besimenti ya futi 18 kwa 22, kuta za tofali za simenti, sakafu zege tupu, dari futi 7 kasoro inchi moja. Pembeni ipo mashine ya kupasha joto nyumba na tangi la maji ya moto, vyote vya gesi.

Mama anakuja kutoka Korogwe mwezi wa 9, atakaa miezi 6. Nina dola 9,000, mafundi ni mimi na shemeji anayejua useremala. Mpango wetu: fremu za mbao, ile pamba ya pinki ya kuzuia baridi katikati, nailoni, jipsamu, halafu zulia nene maana mama na baridi hawaivi. Kuna kona inanuka kama kanga iliyosahauliwa kwenye ndoo, nadhani ni kwa kuwa hapafunguliwi. Ukuta wa kaskazini nao unatoa unga mweupe, nimeufagia, umerudi. Ushauri tafadhali.

Msumari_wa_Nne

Mkuu, huo unga mweupe umeutaja mwishoni kama salamu, kumbe ndiyo habari yenyewe. Ni chumvi. Maji yanapenya kwenye tofali, yanakauka, chumvi inabaki nje. Usinunue ubao hata mmoja kwanza. Kata nailoni vipande viwili, kimoja kibandike sakafuni na kingine ukutani, ziba pande zote kwa utepe, acha siku 2. Umande ukiwa upande wa ndani wa nailoni, maji yanatoka kwenye zege. Ukiwa upande wako, ni unyevu wa hewa ya humo ndani, na hapo mashine ya kukausha hewa inaweza kutosha.

Mpango wako ndio niliofanya mimi hapa Ohio, hatua kwa hatua. Majira ya baridi ya pili nikabandua jipsamu, nyuma yake palikuwa peusi kama masizi ya sufuria ya kuni, na pamba imelowa inachuruzika. Hewa yenye joto ilikuwa inapita kwenye pamba, inagusa ukuta wa baridi, inageuka maji, nailoni inayafungia humo humo. Nikaanza upya: mbao za povu gumu za inchi 2 zimegandishwa moja kwa moja ukutani, maungio yote yamezibwa, ndipo fremu mbele yake. Ule ubao wa chini unaokaa juu ya zege uwe uliotiwa dawa. Jipsamu iinue nusu inchi isiguse sakafu. Zulia sahau, weka vipande vya vinili na mkeka wake.

Chai_ya_Saa_Nne

Yaani mzazi amevuka bahari, wewe unamfungia shimoni na mtungi wa gesi? Mpe chumba cha juu, nyie mshuke.

Kisiki_Baridi

Dada, hilo hata mke wangu kasema. Nalifikiria.

Zamu_ya_Usiku

Awe mama au nyie, pakilalwa lazima pawe na dirisha la kutokea moto ukiwaka ngazini. Kanuni za ujenzi zinazotumika sehemu nyingi Marekani zinataka uwazi wa futi za mraba 5.7, upana usipungue inchi 20, kimo inchi 24, na kizingiti kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Watu wengi hapa ndipo wanapoliwa: wanakata 20 kwa 24 wakidhani wamemaliza. Piga hesabu, hiyo ni futi za mraba 3 na ushee tu. Na kile kishimo cha nje kikizidi inchi 44 kwenda chini, kinataka ngazi.

Kukata ukuta unaobeba nyumba si kazi ya shemeji. Kibali cha jiji chukua, mkaguzi aje. Na dari yako fupi usiishushe zaidi, mbao za juu zipake rangi ziachwe wazi. King'ora cha moshi na cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu ya moto, viwe huko huko chini. Hizo mashine za gesi zinahitaji hewa, msizibane kwenye kabati lisilo na matundu. Na umeme ukikatika, mama asije akawasha jiko la mkaa ndani kwa mazoea.

Jabali_la_Ziwa

Mimi fundi ujenzi, Mwanza. Nyumba zetu za mlimani ukuta wa nyuma umeegemea kilima, shida ni ile ile. Usidanganywe na rangi ya kuzuia maji upande wa ndani, maji yanaisukuma inavimba kama andazi. Toka nje mvua ikinyesha, simama na mwavuli, tazama maji ya paa yanadondokea wapi upande huo wa kaskazini. Udongo nao uteremke ukitoka nyumbani, inchi 6 ndani ya futi 10.

Zamu_ya_Usiku

Nilisahau radoni. Ni gesi ya ardhini, haina harufu, na huku Marekani gesi hiyo ni ya pili baada ya sigara kwa kuleta saratani ya mapafu. Minnesota karibu nyumba 2 kati ya 5 zinavuka kiwango cha pikokyuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa. Pima sasa, kwa sababu dawa yake ni bomba na feni ya kunyonya hewa chini ya zege, na ni heri kutoboa sakafu kabla hujaitandika.

Kisiki_Baridi

Mrejesho wakuu. Nailoni ya ukutani, umande ndani. Ya sakafuni kavu. Jana mvua imenyesha, nimesimama nje na mwavuli majirani wananishangaa. Bomba la gata (linaloshusha maji ya paa) la kaskazini limekatika usawa wa goti, maji ya nusu paa yanamwagika mguuni mwa ukuta, na pamechimbika beseni kabisa. Nimeunga bomba la futi 8 linalopeleka maji kwenye majani. Udongo nafuata Jumamosi. Kipimo cha radoni nimekitundika, nakituma maabara wiki ijayo.

Jipsamu hainunuliwi mpaka nailoni ya ukutani ikae kavu mvua mbili tatu. Mama nimempigia, nikamweleza kuhusu chumba cha chini. Akauliza, "Nikiwa humo nitajuaje kama kumekucha?" Kwa hiyo analala juu. Dirisha tutakata kwa ajili yetu.