Kamati ya maji ina wanawake nusu kwa nusu. Tuangalie nini kingine kabla ya kumwaga zege?

Mpango_Pangani aliuliza:

Habari zenu wadau. Kijiji kipo pwani ya Pangani, watu 1,500. Wanaume wengi ni wavuvi, akina mama wanalima mwani na kukaanga samaki. Mradi unaleta vilula 6 (vituo vya umma vya kuchotea maji) vya koki mojamoja, pamoja na vyoo vipya vya shule ya msingi. Wajumbe wa kamati ya maji ni 12, wanawake 6. Kwenye fomu ya mradi kuna kipengele cha usawa wa jinsia, na wenzangu wanataka tuandike "6 kati ya 12" tusonge mbele. Mimi sijaridhika. Kwenye mchoro wa kilula, katiba ya chombo cha kijiji kinachosimamia maji na vyoo vya shule, nikague nini hasa? Zege likishakauka mjadala umekwisha.

---

FundiBomba alijibu:

Anza na dumu na saa ya simu. Tega dumu la lita 20, fungua koki mpaka mwisho. Likijaa kwa dakika 2, koki inatoa lita 10 kwa dakika. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ilitaka kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Watu 250 kwa lita 25 ni lita 6,250, madumu 312 na ushei. Kwa dakika 2 kila dumu, hizo ni saa 10 na dakika 25 za koki kutofungwa kabisa, na hapo sijaweka muda wa kutoa dumu na kutega jingine.

Sasa vilula vingi hufunguliwa saa 12 mpaka saa 2 asubuhi, halafu saa 10 mpaka saa 12 jioni. Jumla saa 4, madumu 120, lita 9.6 kwa mtu. Ugomvi wa foleni unaanzia kwenye hesabu hiyo. Na anayesimama foleni anajulikana: ripoti ya WHO na UNICEF ya 2023 inaonyesha kwamba duniani, katika kaya 7 kati ya 10 zisizo na maji nyumbani, wachotaji ni wanawake na wasichana. Kwa hiyo koki 2 kila kilula, na saa za kufungua zipangwe na wachotaji wenyewe. Hilo lina uzito kuliko idadi ya majina kwenye fomu.

Kisha mkokoteni. Muuza maji mwenye madumu 10 anaishikilia koki dakika 20, na mara nyingi ni kijana wa kiume ambaye akina mama wanaona taabu kubishana naye. Kanuni iandikwe ukutani: madumu 2 kwa zamu, mwenye zaidi anarudi nyuma ya foleni.

Mwisho kibaraza. Ndoo ya lita 20 ikijaa inapita kilo 20. Kuitoa chini hadi kichwani lazima mtwishane. Mjamzito au bibi aliyekuja peke yake anakaa kumsubiri mtu. Jenga kibaraza usawa wa kifua, sentimita 100 hadi 110, upana 40, na koki moja juu yake, nafasi ya sentimita 50 kati ya kibaraza na mdomo wa koki. Ndoo inajazwa ikiwa juu tayari: unaweka ngata, unasogea, unaivuta kichwani. Koki ya pili iwe ya chini kwa ajili ya watoto na anayetumia kiti cha magurudumu. Kosa linalojirudia ni kibaraza cha sentimita 30. Kwenye mchoro kinaonekana kipo, kumbe hakimsaidii mtu.

---

BiMwani alijibu:

Fundi amesema kweli tupu. Naongeza upande wa katiba.

Wajumbe 6 wanawake, sawa. Lakini nani anaweka saini benki? Nani anashika daftari la mauzo ya vilula? Nani anaitisha kikao? Wakiwa wanaume wote watatu, wale 6 ni wasikilizaji. Dai vifungu viwili: angalau mweka saini mmoja awe mwanamke, na akidi isihesabiwe kwa idadi ya jumla tu. Wajumbe 7 kati ya 12 wanaweza kutimiza akidi wakiwemo wanaume 6 na mama mmoja. Andikeni kwamba kikao hakianzi mpaka wawepo wanawake wasiopungua 3.

Halafu siku ya kikao. Kwenu akina mama wako kwenye mwani. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa sana asubuhi kuelekea adhuhuri, na hizo ndizo siku za kufunga mbegu na kuvuna. Kikao cha saa 4 asubuhi siku ya bamvua kimewafungia mlango hata kama barua za mwaliko zimefika. Tazameni mwezi, wekeni vikao siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, alasiri, kabla samaki hawajaletwa kukaangwa. Kabla ya mkutano wa kijiji, fanyeni kikao cha akina mama peke yao, mmoja wao apewe kazi ya kusoma mapendekezo yao. Kumuuliza mama mbele ya mkwewe kama bei ya ndoo ni kubwa ni kumtaka anyamaze.

Na hili linaniuma: kazi ya bure. Fundi analipwa, muuza maji analipwa, lakini kufagia kilula na kusafisha mfereji kunaitwa "mchango wa akina mama". Ama ilipwe, ama iwe zamu ya kila kaya na jina la baba liwemo kwenye orodha.

---

AfyaShule alijibu:

Kwa vyoo, kiwango cha shule zetu ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 240 inahitaji matundu 12. Hapo hatujagusa hedhi.

Chumba cha kubadilishia lazima kiwe na maji ndani. Koki ikiwa nje, msichana atatoka na nguo mkononi mbele ya wavulana, basi hatatoka, atabaki nyumbani. Komeo liwe la ndani, iwepo misumari ya kutundika nguo, rafu ya sabuni, ndoo yenye mfuniko. Mlango usitazamane na vyoo vya wavulana.

Kichomea taka ndicho kinachokufa mapema. Pedi zilizolowa zikitiwa peke yake zinafuka moshi bila kuungua, moshi unaingia darasani, kinaachwa. Weka vifuu vikavu kwanza, moto ushike, ndipo utie pedi kidogo kidogo, na bomba la moshi lipite paa. Kikishaachwa, pedi zinaenda shimoni. Zenye plastiki haziozi: shimo linajaa kabla ya wakati, na siku ya kunyonya kinyesi, mpira wa kunyonyea unaziba.

Pwani maji ya ardhini yako karibu, masika shimo linafurika, kwa hiyo choo kitainuliwa. Hapo mkandarasi huweka ngazi na kuondoka. Mteremko wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: choo kilichoinuliwa sentimita 60 kinataka mteremko wa mita 7.2. Pima eneo sasa hivi, maana mara nyingi nafasi hiyo huwa imeshaliwa na ukuta.

---

Mpango_Pangani:

Nashukuru sana. Mkandarasi anasema kibaraza cha juu kitapandisha gharama. Pia tuna nafasi 2 za mafunzo ya ufundi, na kamati imeshataja vijana wawili wa kiume.

---

FundiBomba:

Kibaraza cha mita 1 kwa sentimita 40 kinakula tofali za inchi 6 kama 30, na saruji mifuko 2. Mwambie akuonyeshe mchanganuo wake.

Kuhusu mafunzo, nafasi moja iwe ya mwanamke anayeishi hapo hapo. Vijana wakishajua kazi huifuata Tanga mjini au Dar, kijiji kinabaki na koki zinazovuja. Ubovu wa kila siku ni washa ya koki, kile kipete cha mpira kinachozuia maji: unafunga vali ya kilula, unafungua kichwa cha koki, unatoa washa iliyochakaa, unasafisha inapokalia, unaweka mpya na kukaza bila kulazimisha. Robo saa imekwisha. Vifaa ni spana za bomba 2, msumeno wa chuma, thredi tepu, washa na koki za akiba.

Sanduku la vifaa lisikae kwa mwenyekiti. Likikaa huko, fundi atakuwa anabisha hodi kuomba ruhusa kila koki ikivuja, na usiku hatakwenda. Ufunguo akabidhiwe yeye, kwa maandishi.