Tupeane uzoefu: mbio za siku kadhaa kwenye joto kali, siku gani ilikuvunja?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Kila ikikaribia Kili Marathon humu zinajaa nyuzi, lakini sijaona uzi wa zile mbio za vipande: leo unakimbia, unalala, kesho unaamka na miguu ileile unaendelea. Tena juani. Waliowahi kuonja karibuni, naanza mimi.

Nilienda Marathon des Sables, kusini mwa Moroko, kabla ya korona. Jina linasema marathoni ila ni kama km 250 kwa wiki, jangwani, mzigo mgongoni: chakula cha wiki nzima, begi la kulalia, dira, filimbi, kisu, hadi kipampu cha kunyonya sumu ukiumwa na nge. Wakati ule wenyewe walikupa hema na maji tu, na maji yalikuwa kwa kipimo. Chupa iliandikwa namba yako, ukiitupa njiani uliadhibiwa. Aliyeanzisha ni Mfaransa, Patrick Bauer. Mwaka 1984 alitembea peke yake Sahara km 350 kwa siku 12, na mwaka 1986 akaanza kuwapeleka na wenzake. Kuna watu wana mambo.

Sasa kisa. Naishi Uingereza, kazi yangu kuhudumia wazee, na mara ya mwisho kushindana mbio ilikuwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nikaishia wilayani. Lakini hemani tulikuwa wanane, mweusi mimi peke yangu. Jamaa waliponiona tu: "Kenya?" Nikasema Tanzania. "Aa, jirani na Kenya!" Basi. Hawakujua, na mimi sikuwaambia, kwamba mbio zile wanaozitawala ni Wamoroko wenyewe. Lahcen Ahansal peke yake amezichukua mara 10. Asubuhi ya kwanza nikajitwika heshima ya Afrika Mashariki juu ya kilo zangu 11 za mgongoni, nikatoka kama nakimbilia daladala ya mwisho.

Kosa jingine nilikuwa nimeshalifanya nyumbani. Kuna vitambaa vya kufunika kiatu ili mchanga usiingie, na vinatakiwa vishonewe kuzunguka kiatu kizima. Fundi viatu alinitajia bei, nikaona ananipiga. Nikabandika mwenyewe kwa gundi, mezani, huku naangalia mpira. Siku ya kwanza saa saba mchana, katikati ya matuta, gundi ikalainika, kitambaa kikaning'inia kama ulimi wa mbwa. Mchanga wa kule ni laini kama sembe. Ukikutana na jasho ndani ya soksi unageuka msasa.

Jioni nilihesabu malengelenge saba. Moja lilijificha chini ya ukucha wa kidole gumba, likausukuma ukucha ukasimama kama mlango uliotoka bawaba. Daktari wa kambi hakuwa na maneno mengi. Akatoboa, akapaka dawa, nikaona nyota kabla hazijatoka.

Watu wanaogopa siku ndefu, ile ya km 70 au 80 na ushei ambayo wengi wetu inatukuta mpaka usiku. Mimi ilinivunja ya pili. Alfajiri vijana wa kambi wanakuja kung'oa hema na wewe bado umelala. Turubai linakwenda zake, unabaki uwanjani umejikunja, upepo wote wako. Nikachukua kiatu, mguu hauingii. Umevimba. Ilibidi ning'oe soli ya ndani ndipo ukapita, na nilikuwa nimeambiwa mapema ninunue saizi kubwa nikajifanya najua.

Siku hiyo nilijuana na ngamia. Nyuma ya watu wote walikuwa wanatembea ngamia na wachungaji wao, wakikupita umetolewa. Harufu yao ilinifikia kwanza. Nikiwa nimeinama, mikono magotini, akatokea mzee mmoja wa hema letu, kapita miaka 60, ambaye jana yake nilimpita kwa mbwembwe. Hakunicheka. Akasema asubuhi kukiwa na ubaridi kimbia, jua likipanda tembea, meza chumvi hata kama hujisikii. Nikamfuata nyuma kama kifaranga cha bata mpaka jioni.

Upande wa chakula, wanakagua kama una kalori zisizopungua 2,000 kwa kila siku. Nilibeba vitu vitamu vitupu. Kufikia siku ya tatu nikiona chokoleti nataka kutapika. Karanga za chumvi na ukwaju mkavu ndivyo vilivyonifikisha.

Haya, zamu yenu. Siku gani, na mlikula nini?

Mchangiaji wa 2

Asalaam alaykum. Mie nipo Maskati, asili yetu Unguja. Nimekimbia zile za jangwa la Wahiba, hukuhuku Oman, unaanzia upande wa Bidiyah unakwenda kutokea baharini, km 165 hivi. Gundi yako imenichekesha, kaka yangu, lakini langu mie lilikuwa baya zaidi. Maji.

Nilijiona mtu wa joto. Kumbe joto ninalolijua ni la kutoka kwenye gari mpaka mlango wa ofisi, kwengine kote kiyoyozi. Basi kila kituo nakunywa mpaka tumbo linacheza kama mtungi, na vidonge vya chumvi vimelala mfukoni. Siku ya tatu pete imenibana haitoki, kichwa kinagonga, natapika. Nikasema kiu hii, nataka maji tena. Daktari akaninyang'anya chupa. Akanambia maji yamezidi na chumvi ya damu imeshuka, ukiongeza unaweza kuzimia na usiamke. Nikakalishwa kivulini na kikombe cha supu ya chumvi tupu. Toka siku ile nakunywa kwa kiu, si kwa khofu.

Mara ya pili nikajitayarisha vyengine. Wiki mbili kabla, gari vioo chini, kiyoyozi kimezimwa, na kila baada ya alasiri natoka na jua lake. Siku 10 mpaka 14 mwili unajifunza, jasho linaanza mapema na linatoka na chumvi chache. Mke wangu alidhani nimerogwa.

Chakula: tende asubuhi, basi. Haluwa niliichukua kwa mapenzi, ikageuka mafuta mfukoni. Mchana ubuyu wa Unguja wenye pilipili, mbegu moja mdomoni, mate yanarudi. Na siku ya mwisho pua inakutangulia, upepo unaleta bahari nawe bado uko mchangani.

Mchangiaji wa 3

Mimi niko Nanyuki na sijakimbia, nimemimina maji. Kuna hizi za For Rangers Ultra, km 230 kwa siku tano, zinapita hifadhi kama Lewa, Borana na Ol Pejeta. Pesa inasaidia maaskari wa wanyamapori, na baadhi ya hao maaskari hukimbia pia. Si mchanga kule, ni vumbi, miiba, na tuko juu sana, hewa yenyewe ni nyembamba.

Joto letu ni la uongo. Upepo unakausha jasho kabla hujaliona, unafikiri uko sawa. Sisi wa meza za maji tunasoma shati: likiwa na ramani nyeupe ya chumvi mgongoni, huyo tunamkalisha. Mwingine nilimuuliza jina akanipa namba ya simu. Anayekuja akipiga stori na kulalamikia miguu, mwache aende, huyo ni mzima. Mtu akianza kunyamaza, mshike.

Siku mbaya huwa ya tatu, kwa macho yangu. Ya kwanza wana sherehe, ya tano wananusa nyumbani.

Mchangiaji wa 4

Mkuu mleta mada, gharama? Maana stori tamu lakini hujagusa pabaya.

Mleta mada

Pauni elfu kadhaa, nilichanga miaka miwili kwa zamu za usiku. Ungepata bodaboda kadhaa na chenji ya helmeti. Mama mpaka leo anauliza hiyo hela nilishinda au nililipa.

@2, hiyo ya ubuyu nimeiandika pembeni. @3, kumbe ndiyo maana kila kituo walikuwa wananiuliza jina langu, nikadhani ni mashabiki.

Mchangiaji wa 4

Na ulikuwa wa ngapi?

Mleta mada

Ngamia walikuwa nyuma yangu.