Maji ya kuandalia maziwa ya kopo: ya bomba, ya chupa au ya kuchujwa?

Mama Ntinda: Hamjambo ndugu. Narudi kazini wiki ijayo, na mtoto atakuwa akinyweshwa maziwa ya kopo mchana. Je, nichemshe maji ya bomba, ninunue ya chupa, au nitafute kichujio cha udongo?

Mkunga, Jinja: Mama, hujatuambia mtoto ana umri gani, alizaliwa njiti au la, wala kama bomba ni la ndani ya nyumba au mnachota kwa jerikani. Bila hayo tutabahatisha tu.

Baba Pacha, Mukono: Mimi nashikilia ya chupa yenye alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Makaa yamekuwa ghali mno.

Mama Ntinda: Ana miezi mitatu, alitimiza siku zake. Bomba ni la National Water, shirika la maji la serikali, lakini likikauka tunachota chemchemi ya bondeni.

Bi Zawadi, Mbale: Baba Pacha, ya chupa nayo yana mambo yake. Mjukuu wangu alikuwa akiandaliwa maziwa kwa maji ya dumu la lita 20 lililojazwa tena dukani, bila kuchemshwa, kwa kuwa yalionekana maangavu. Akaharisha hadi utosi ukabonyea na macho yakaingia ndani, tukamkimbiza kituo cha afya, akapewa ORS, yaani dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na zinki. Tulipofungua kile kibomba cha dumu, ndani kulikuwa na utelezi wa kijani.

Mkunga, Jinja: Pole sana, Bi Zawadi. Maji ya chupa nayo yachemshwe. Tena unga wenyewe wa maziwa unaweza kuwa na vijidudu, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji yasipungue nyuzi joto 70 za Selsiasi yanapokutana nao: yakishachemka, yafunike, yasikae zaidi ya nusu saa, koroga, kisha poza chupa ndani ya maji baridi. Kichujio peke yake hakitoshi.

Fundi Bomba: Naogopa zaidi hiyo chemchemi. Ikiwa vyoo vya shimo viko juu yake, maji huweza kuwa na naitreti, kemikali itokayo kwenye kinyesi, ambayo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kichujio cha udongo, na huwadhuru hasa wachanga. Wekeni akiba ya maji ya bomba.

Baba Pacha, Mukono: Basi nusu saa hiyo, dada wa kazi ataipimaje bila saa? Thermosi haifai?

Mkunga, Jinja: Inafaa ikiwa ni safi na inatunza joto hasa, nyingi za sokoni mchana huwa zimekwisha kuwa vuguvugu.

Mama Ntinda: Birika la umeme ninalo, ila umeme hukatika. Kuna anayejua bei ya jiko dogo la gesi huko soko la Owino, Kampala?