Tupeane uzoefu: chama kinapokushushia mgombea wa urais usiyemtaka

Mwana wa Kikwajuni
Asalaam alaykum jamani. Maneno ya uchaguzi wa 2030 hapa Zanzibar yameshaanza mabarazani, na majina yanatajwa. Kila uchaguzi tunanung'unika vile vile: aliyependwa na watu hakupita, aliyepita hakuna aliyeulizwa. Lakini ukimuuliza mtu jina linakatwa wapi, hajui. Wenye kuujua utaratibu, wa CCM, wa CUF ya zamani, wa ACT, waje waeleze na pale panapoharibika. Matusi hapana.

Karani wa Tawi
Naanza na CCM. Watu wanachanganya njia mbili. Mgombea wa Muungano: Kamati Kuu inapeleka majina yasiyozidi matano Halmashauri Kuu ya Taifa, NEC inabakisha matatu, Mkutano Mkuu unapiga kura. Mgombea wa Zanzibar, kwa utaratibu, hafiki Mkutano Mkuu. Fomu inachukuliwa Kisiwandui, ofisi kuu ya CCM Zanzibar, wadhamini wanatafutwa Unguja na Pemba, Kamati Maalum ya NEC Zanzibar inakaa na kutoa mapendekezo. Yakipanda Kamati Kuu yanabaki majina yasiyozidi matatu, kisha NEC inapiga kura Dodoma. Imekwisha hapo.

Mwaka 2020 waliochukua fomu walizidi 30. Waliofika mbele ya NEC ni watatu: Dk. Hussein Mwinyi, Dk. Khalid Salum Mohamed na Shamsi Vuai Nahodha. Tarehe 10 Julai kura zilikuwa 129, 19 na 16. Zijumlishe: 164. Hao ndio walioamua, na wengi wao si wakaazi wa visiwa hivi. Yule mdhamini aliyetia saini fomu pale wilayani hakuwa amepiga kura yoyote, ingawa wengi walirudi nyumbani wakidhani wamepiga.

Shangazi wa Wete
Hapo kwenye mdhamini umesema kweli tupu.

Mtumbatu Asilia
Usiwapotoshe watu. Kamati Maalum ndiyo inayochuja, Dodoma wanapiga muhuri tu.

Karani wa Tawi
Ndugu yangu, inapendekeza. Ingekuwa inachuja, mwaka 2000 angepita Dk. Mohamed Gharib Bilal. Yeye ndiye aliyeongoza Kamati Maalum. NEC ikamchukua Amani Abeid Karume.

Mtumbatu Asilia
Mwaka mmoja huo!

Karani wa Tawi
Na 2010 Bilal alirudi tena kuomba. NEC ikamteua Dk. Ali Mohamed Shein, Bilal akapewa umgombea mwenza wa Kikwete. Mtu wa huku akawa Makamu wa Rais wa Muungano badala ya kuwa Rais wa Zanzibar, na waliokuwa wakimtaka hapa wakaambiwa wapige makofi.

Mkongwe wa Konde
Mmenikumbusha 1985, na vijana wengi hawaijui. Ali Hassan Mwinyi amekaa kiti cha Zanzibar mwaka mmoja na kitu tu, tangu Jumbe alipojiuzulu Januari 1984, mara anapelekwa Muungano kumrithi Nyerere. Kiti kikawa wazi. Majina mawili yakabaki mbele ya NEC: Idris Abdul Wakil, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, na Seif Sharif Hamad, Waziri Kiongozi, kijana wa Mtambwe. Wakil akapita kwa tofauti ndogo sana. Ilikuwa chama kimoja, kwa hiyo mpigakura hakuwa na mtu wa pili wa kumchagua. Karatasi ina jina moja, unasema Ndiyo au Hapana. Wapemba wakaitumia ile Hapana, wakaijaza kwelikweli. Wakil alikuwa Rais, lakini ametawala akijua kisiwa kizima hakikumkubali.

Angalieni kilichofuata. Seif alifukuzwa chamani 1988, akatiwa ndani 1989, akatoka 1991. Vyama vingi viliporudi 1992, CUF haikuhitaji kutafuta wanachama Pemba, walikuwa tayari. Chama kilidhani kimemaliza jambo ukumbini Dodoma, kumbe kimejizalia chama pinzani. Na ile Hapana hatunayo tena. Leo karatasi ina wagombea wengi, lakini ukiwa humtaki wa chama chako, huna kisanduku cha kusema hivyo.

Shangazi wa Wete
Allah amrehemu Maalim Seif.

Kijana wa Jang'ombe
CCM mnaisema sana, upinzani je? 2015 UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walimchukua Lowassa, ambaye Kamati Kuu ya CCM ilikuwa imelikata jina lake Julai. Wiki chache baadaye yeye ndiye mgombea wa waliokuwa wakimwita fisadi. Dk. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, akajitoa. Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF mwezi Agosti. Na mgombea mwenza? Babu Duni, Juma Duni Haji, mtu wa CUF tangu na tangu. Sheria inataka mgombea na mwenza wake watoke chama kimoja, basi ikabidi arudishe kadi ya CUF achukue ya CHADEMA. Mwana-CUF wa Pemba siku ya kura anatafuta chama chake kwenye karatasi ya Muungano, hakioni!

Mwana wa Kikwajuni
Hii ya kadi ya Babu Duni sikuipata kwa undani hivi.

Kijana wa Jang'ombe
Bado. Lipumba alirudi 2016 akitaka kiti chake, chama kikapasuka vipande viwili, ofisi na ruzuku zikagombaniwa mahakamani. Machi 2019 kesi ilipomwelemea Maalim, yeye na watu wake wakahamia ACT-Wazalendo. Yote hayo mzizi wake ni uteuzi wa mgombea mmoja.

Mtumbatu Asilia
Na ACT wakarudia. 2020 wakamchukua Membe akitoka CCM, mwishoni Maalim na Zitto wakasema watamuunga mkono Lissu wa CHADEMA huku Membe anasema bado anagombea. 2025 wakamchukua Mpina, aliyejiunga Agosti na kuteuliwa Agosti hiyo hiyo. Mwanachama wao mwenyewe akamlalamikia kwa Msajili wa Vyama vya Siasa kuwa kanuni za chama kuhusu muda wa uanachama hazikufuatwa. Msajili akautengua uteuzi, Mahakama Kuu ikaamuru apokelewe, akarudisha fomu, Tume ya Uchaguzi ikamwengua tena tarehe 15 Septemba. Karatasi ya Muungano ikaenda bila ACT.

Mkongwe wa Konde
Usichanganye. Aliyeengua ni Tume. Othman Masoud, mgombea wao wa urais wa huku Zanzibar, aliteuliwa bila tatizo.

Mtumbatu Asilia
Mwanya nani aliuacha? Kanuni yao wenyewe.

Shangazi wa Wete
Wanangu, msigombane. Semeni tufanye nini.

Kijana wa Jang'ombe
Mimi nasema kaa nyumbani. Chama kikikosa kura kitajifunza.

Karani wa Tawi
La, hasha! CUF ilisusia marudio ya uchaguzi wa Zanzibar ya 20 Machi 2016. Shein akapata zaidi ya asilimia 90, CUF ikakosa viti vyote Barazani na nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar. Nafasi hiyo kikatiba inakwenda kwa chama cha pili, kikifika asilimia 10. Ukikaa nyumbani unaipunguza asilimia ya chama chako mwenyewe.

Mzanzibari anapewa karatasi tano: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani za ZEC, tume ya uchaguzi ya Zanzibar; Rais wa Muungano na Mbunge za INEC, tume ya uchaguzi ya taifa. Humtaki mgombea urais wa chama chako? Mchague Mwakilishi wako, hiyo moja mpe mwengine. Ukiiacha tupu haihesabiwi kwa yeyote, na Rais wa Zanzibar ni yule anayepata kura nyingi kuliko wenzake, hata zisipofika nusu.

Mwana wa Kikwajuni
Na mgombea binafsi?

Karani wa Tawi
Hayupo. Mahakama ya Rufani ilikataa 2010, Mahakama ya Afrika ikampa haki Mchungaji Mtikila, aliyeifungua kesi hiyo, 2013, sheria haijabadilika mpaka leo.

Mkongwe wa Konde
Kuchanganya karatasi ni dawa ya siku moja. Anayetaka kushika mgombea wa 2030 aanze na uchaguzi wa ndani wa CCM 2027: shina, tawi, wadi, jimbo, wilaya, mkoa. Wajumbe wa NEC na wa Mkutano Mkuu wanapatikana humo. Watu hawaendi kikao cha tawi, kinafanyika na watu wachache baada ya alasiri, na hao wachache ndio wanaopeleka majina juu.

Kijana wa Jang'ombe
Mjumbe naye ana nguvu gani? Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalum uliitwa Dodoma kujaza kiti cha Makamu Mwenyekiti Bara. Hoja ikazuka ukumbini, na tarehe 19 Samia na Mwinyi wakapitishwa kuwa wagombea. Hakuna fomu ya kuomba uteuzi iliyotolewa.

Mkongwe wa Konde
Ndiyo maana mjumbe wako umwulize kabla hajapanda boti: ajenda ni zipi, na ikizuka isiyomo atasimama kuipinga au atanyamaza? Ajibu mbele ya tawi zima. Akikwepa, 2027 mnamweka mwengine.

Shangazi wa Wete
Kikao cha tawi letu ni Jumamosi hii. Nakwenda na swali hilo.