Corolla 110 (5A) inapungua maji, chini hakuna hata tone. Nifungue hedi (kichwa cha injini)?

Kisesa_Njiapanda:

Wakuu, salaam. Gari ni Corolla 110, injini 5A-FE, gia otomatiki. Rejeta inapungua karibu lita 1 kwa wiki, safari za Kisesa kwenda mjini Mwanza na kurudi tu. Nikiegesha usiku, asubuhi chini ni pakavu. Kopo la akiba halipandi wala halishuki. Barabara ya Musoma geji ya joto inakaa mahali pake, ila kwenye foleni ya kupandisha Bugando inavuka nusu. Oili ni safi, moshi mweupe hakuna, kapeti za ndani kavu.

Fundi wa kwanza alitoa themostati (vali inayofungulia maji ya rejeta injini ikipata moto) akasema nchi ya joto haihitaji. Wa pili anasema gasketi ya hedi imekata, tufungue. Kwa sasa ndani kuna maji ya bomba matupu. Kabla sijafungua hedi, nianzie wapi?

---

Spana_ya_14:

Mkuu, hedi isiguswe kwanza. Dalili kubwa kuliko zote umeipitia haraka: kopo la akiba limetulia. Injini ikipata moto maji yanatanuka, mfuniko wa rejeta unayaachia yaende kwenye kopo. Ikipoa yanasinyaa na kuyavuta yarudi. Kama rejeta inapungua na kopo halijui habari, basi ama vali ndogo ya katikati ya mfuniko imekwama, ama kuna upenyo mahali na mfumo unavuta hewa badala ya maji. Gasketi iliyokata mara nyingi hufanya kinyume chake: gesi ya mwako inayasukuma maji, kopo linafurika.

Na pakavu asubuhi hapathibitishi kitu. Gari likiwa limepoa halina presha, kwa hiyo halivuji. Likiwa na moto, tone likianguka kwenye bloku (mwili wa injini) linageuka mvuke hapohapo, likianguka kwenye mkanda linarushwa pembeni.

Tafuta gereji yenye kipima presha ya rejeta, ile pampu ndogo ya mkono yenye geji. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta mpaka shingoni, funga kipima mahali pa mfuniko, kisha pampu mpaka namba iliyoandikwa juu ya mfuniko wako. Toyota nyingi za umri huo zimeandikwa 0.9, yaani kama psi 13. Usizidishe, matangi ya plastiki ya rejeta yakizeeka yanakuwa kama biskuti. Acha dakika 15.

Sindano ikishuka, chukua tochi. Miisho ya mpira wa juu na wa chini, hasa chini ya klipu. Mipira midogo inayopeleka maji kwenye kifaa cha sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) chini ya throtoli. Hiyo husahaulika sana, na hupasuka upande usioonekana. Mipira miwili ya hita inapoingia ukuta wa injini. Maungio ya plastiki na alumini ya rejeta, pande zote mbili. Wota pampu (inayozungusha maji), kwa chini. Mwisho vizibo vya chuma vya bloku, ambavyo huliwa na kutu kutoka ndani kwa magari yaliyotembea na maji matupu miaka mingi. Hutafuti maji tu, tafuta alama: ukoko mweupe, wa kahawia, au wa rangi ya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) ya zamani. Mahali panapovuja kwa siri huacha chumvi.

Ikishuka na nje usione kitu, toa plagi zote nne huku presha ikiwa imebaki, subiri nusu saa, kisha piga stata, wewe ukiwa umekaa mbali na matundu. Silinda ikirusha maji, hapo ndipo tuongee habari za hedi. Ukiweza, pima na kompresheni (mgandamizo wa silinda): silinda moja isitofautiane na nyingine kwa zaidi ya kilo 1, kama psi 14.

Sindano isiposhuka kabisa, upenyo unafunguka kwenye moto tu (ufa wa tangi la plastiki ndivyo ulivyo), au mfuniko ndio mgonjwa. Mfuniko nao unapimwa kwa kifaa hichohicho kwa kutumia kiunganishi chake.

---

Dada_Fundi_Pasiansi:

Naunga mkono. Naongeza ya themostati na mfuniko, maana hapa Mwanza hayo mawili yanaharibu magari kuliko ubovu wenyewe.

Kwenye 5A themostati ipo upande wa maji yanayoingia injini, na ina kisahani cha pili kwa nyuma. Ikifunguka mbele, kile cha nyuma kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, kwa hiyo sehemu ya maji ya moto inazunguka na kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye barabara tambarare upepo unaficha. Ukianza kupanda Bugando kwa gia ndogo, ndiyo hiyo geji yako inavuka nusu. Na asubuhi injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumimina petroli. Rudisha themostati ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji kwenye jiko na uangalie inafunguka. Mpya nyingine za dukani zimekufa tangu kiwandani. Kile kivali kidogo kinachochezacheza kikae juu, hewa ipite.

Mfuniko: watu wanadhani ni kifuniko tu. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji uko hapo au juu zaidi. Kwa mwinuko huu maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Feni ya gari inawaka karibu na hapo. Mfuniko wa 0.9 ukishika vizuri unayapeleka mpaka karibu 116. Kwa hiyo mpira wa mfuniko ukikauka, gari zima lenye afya linachemsha mlimani. Ukibonyeza mpira wa juu gari likiwa na moto uwe mgumu. Ukiwa laini kama sponji, presha hakuna. Na gari likipoa, mpira ukijikunja kama umenyonywa, ile vali ya katikati imekwama.

Usifungue mfuniko gari likiwa na moto, hata kwa tambara.

---

Mkuyuni_Mjini:

Weka ile dawa ya kuziba ya kwenye kichupa, mambo yaishe. Wengine wanapasua mayai mawili au kumwaga pilipili manga.

---

Spana_ya_14:

Kichupa kitakufikisha Magu ukiwa umekwama njiani usiku. Zaidi ya hapo hapana. Dawa haijui tofauti ya upenyo na mrija mwembamba wa rejeta au hita. Inaziba vyote viwili. Yai linaganda mirijani na kunuka, na atakayekuja kuosha rejeta hiyo atakulaani. Kama ulishaweka chochote, mwambie fundi kabla hajaanza.

---

Kisesa_Njiapanda:

Asanteni sana. Kipimo kimefanyika. Kutoka 0.9 imeshuka mpaka 0.5 ndani ya dakika 10. Mipira iko kavu. Chini ya wota pampu kuna ukoko wa kahawia na mweupe, na kwa tochi tone linajikusanya kwenye kitundu kidogo chini ya shafti. Puli ukiitikisa ina mchezo kidogo. Mfuniko nao unaachia kwenye 0.4. Je, pampu nikibadilisha lazima nifungue na taimingi belti?

---

Spana_ya_14:

Basi umelipata. Kitundu hicho kimewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, maji yatokee hapo yasiingie kwenye beringi. Doa kavu la zamani si tatizo, tone likijikusanya pampu imekwisha. Usizibe kitundu hicho, kuna mafundi wanakipaka gundi na baada ya muda mfupi beringi inapiga kelele. Sili huuawa na maji matupu, kwa sababu kulanti ndiyo yenye dawa ya kuzuia kutu. Chembe za kutu zinasugua uso wa sili kama msasa. Beringi huuawa na mkanda uliokazwa kupita kiasi.

Kwenye 5A pampu inazungushwa na mkanda wa alteneta, si na taimingi belti. Belti yenyewe haiondoki, ila makava yake ya juu yanafunguliwa upate nafasi. Utaratibu:

Chomoa betri. Mwaga maji kwa bomba la chini ya rejeta. Legeza bolti za puli ya pampu kabla hujalegeza mkanda, maana mkanda ndio unaoishikilia puli isizunguke. Ukianza na mkanda utahangaika. Toa mkanda, puli, makava ya juu ya taimingi, na mrija wa dipstiki. Fungua bomba la maji linaloingia nyuma ya pampu, kisha bolti 3 za pampu. Funika belti kwa nailoni kabla pampu haijatoka, kwa sababu maji yaliyobaki yanamwagika upande huo. Ikionekana belti imelowa kulanti au oili kwa muda mrefu, au hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa hivi, uko hapo tayari.

Uso wa bloku usafishe kwa kipande cha mbao au plastiki, usikwangue kwa bisibisi, alumini ya pampu na chuma cha bloku vyote havipendi mikwaruzo. Pampu mpya ije na oringi (pete ya mpira) yake na gasketi ya bomba la nyuma. Oringi ipakwe kulanti kidogo ikae sawa, isipakwe silikoni. Silikoni ikizidi inakatika ndani na kwenda kuziba mirija ya rejeta. Bolti zile 3 ni Nm 14 tu, yaani mkono mmoja na spana fupi. Nyuzi za bolti zikiharibika kwenye bloku utailaumu nguvu yako.

Mkanda: ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili ushuke kama sentimita 1.

Nunua na mfuniko mpya wenye namba ileile. Usiweke 1.1 kwa kudhani ni bora, utaihamishia shida kwenye tangi la rejeta.

---

Dada_Fundi_Pasiansi:

Kabla ya kujaza, osha: maji safi ndani, hita kwenye joto la mwisho, injini izunguke mpaka ipate moto, izime, ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Uoshaji wa maji ya bomba ni sawa, ila usijaze mwisho kwa maji ya ziwani yaliyochotwa ufukweni, yana tope na mwani. Kwa kuchanganya kulanti tumia maji safi ya kuongezea betri, na soma chupa vizuri: dukani yanakaa rafu moja na asidi ya betri. Ukikosa, maji ya mvua yaliyokingwa bati likishaoshwa na mvua ya kwanza yanafaa.

Mfumo unachukua lita 5 na nusu hadi 6. Nusu kulanti nusu maji ndiyo rahisi kukumbuka. Sisi hatuna barafu, lakini kulanti hapa kazi yake ni kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Chagua aina moja ubaki nayo. Rangi si kipimo, kila kiwanda kina rangi zake, na aina mbili zisizopatana zinaweza kugeuka uji. Kama chupa imeandikwa tayari kwa matumizi, usiongeze maji.

Jaza polepole, mfuniko wazi, hita kwenye moto. Minya mpira wa juu na wa chini kwa mkono, hewa itoke. Washa, iache kwenye sailensa mpaka mpira wa chini upate moto (hapo themostati imefunguka) na feni iwake. Maji yakishuka, ongeza. Mapovu ya mwanzo ni kawaida, yasiyoisha si kawaida. Feni isipowaka, kwenye Toyota nyingi za enzi hiyo chomoa soketi ya swichi ya joto: feni ikizunguka, mota na rilei ni nzima, swichi ndiyo mbovu. Foleni ya Bugando itakuhitaji hiyo feni.

Kulanti usimwage mtaroni. Ni tamu, mbwa na mbuzi wanainywa na kufa, na mitaro ya mjini mingi inaishia Mirongo, kisha ziwani.

Na kwa kuwa gari lako ni otomatiki: siku ukibadilisha rejeta, iwe ile yenye viunganishi viwili vya mafuta ya gia kwenye tangi la chini, na unene wa kati ulingane na ya zamani. Dukani kuna za mm 16 na za mm 26 zinazofanana kwa sura. Ukifungua mfuniko ukakuta maji yamekuwa ya pinki yenye utelezi kama maziwa ya stroberi, kipoza mafuta cha ndani kimetoboka. Usiendeshe hata kufika nyumbani, maji yakishaingia kwenye gia gharama yake inazidi ya hedi.