Wasomaji wa kusimama hapa Mwanga, Kigoma: mtanifilisi jamani!

Wakuu, heshima kwenu. Leo sijaja kwa upole, mnivumilie.

Mimi nauza vitabu na magazeti pembeni ya barabara hapa Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli. Turubai la bluu chini, meza moja ya mbao, mwavuli uliochanika upande mmoja. Mwaka wa tisa huu. Mvua najua kuikimbia, mgambo najua kuongea naye. Ninyi wasomaji wa kusimama, mnaosoma bure mezani kwangu bila kununua, ndio mmenishinda.

Leo saa nne asubuhi kaja mama mmoja, kanionyesha simu. "Baba, una mitihani kama hii? Nataka iliyochapwa, hii haisomeki." Naangalia: maswali ya hisabati, darasa la saba. Pembeni ya ukurasa naona kitu cha bluu. Nikakuza picha. Turubai langu! Na kikombe changu cha kahawa kilichovunjika mkono, kile kile. Kumbe yule mwalimu wa Jumamosi aliyesema "napitisha macho tu kaka" alikuwa anapiga picha. Mama anasema kwenye kundi la wazazi zimetumwa kurasa 11. Kitabu kizima ni 6,000, wakuu. Nikakitoa, nikampa akishike. Kakifunua, kakirudisha. "Basi ngoja nimwombe mwalimu atume tena zilizo wazi."

Nilikaa kimya kama dakika tano hivi.

Halafu magazeti. Aprili 2024 timu yetu ya Mashujaa walipoitoa Simba kwa penalti kwenye Kombe la Shirikisho, hapa hapa uwanja wa Lake Tanganyika, mji ulichangamka kama kuna harusi kila nyumba. Mimi nikajiona mjanja, nikampigia wakala aniongezee gazeti la michezo hadi nakala 40. Yalipofika tu watu wakajaa. Mmoja anasoma kwa sauti, wenzake wamemzunguka. Mwingine ananiambia, "Mzee, fungua ndani tuone wamemwandikaje kipa." Na nikafungua! Kwa mkono wangu mwenyewe! Wakabishana mpaka magharibi, muuza kahawa akamaliza birika mbili. Mimi niliuza nakala 7. Zilizobaki zilikwenda kwa kilo, zikafungia maandazi.

Dabi ya Simba na Yanga ndiyo usiseme. Ile ya Machi 8, 2025 iliyoahirishwa, ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga akashinda 2-0. Hiyo miezi mitatu na ushee katikati, kijiwe kizima kilihamia kwangu. Inachezwa, haichezwi, pointi apewe nani. Kila asubuhi wanainama kusoma vichwa vya habari, mikono nyuma kama wakaguzi. Mtu anajua msimamo wa bodi, wa shirikisho, wa klabu zote mbili, na hajawahi kunipa hata mia. Kuna mmoja siku niliyochelewa kutandika alinigombeza!

Najua mtasema habari siku hizi ziko kwenye simu. Sawa, zisomeni huko huko kwenye simu. Kwangu mnafuata nini? Reli ilifika huku 1914, na hadi leo gazeti la asubuhi la Dar linanifikia limeshachoka na safari. Hilo simlaumu mtu wa hapa. Na mtaala mpya ulipoanza Januari 2024 ukaniachia maboksi mawili ya vitabu vya darasa la tatu visivyo na mwenyewe, nalo nimeshalilia, yameisha. Ila huyu anayesimama mbele yangu nusu saa, kivuli chake kimeziba wateja, akiondoka anasema "asante mzee, kazi njema", huyu nimfanyeje?

Mauzo ya leo nayaandika hapa mniamini: kalamu 5, daftari 3, kitabu cha hadithi 1 (kijana wa sekondari, kalipa nusu, nusu Ijumaa, na huyo namwamini kuliko ninyi wote), magazeti 2. Katika hayo mawili, moja kanunua fundi rangi atandike sakafuni. Nikampa la leo, akauliza kama la jana ni bei nafuu.

Kuanzia kesho magazeti nayakunja, vichwa vya habari ndani. Anayetaka kujua Mashujaa wamefanyaje atoe buku. Mkiona nimekuwa mchoyo, haya, semeni.

Na wewe mwalimu wa shati la kitenge, najua humu upo. Nakudai 6,000. Kitabu nimekiweka chini ya meza, sikiuzi kwa mtu mwingine, maana ukurasa wa 43 una alama ya kidole chako, mafuta ya maandazi, na nikikisimamisha juani inaonekana mpaka upande wa pili.