Tupeane uzoefu: umewahi kuingia mji wa kale wa migodi kwa baiskeli?

#1
Wakuu, naanza mimi. Mwaka juzi tulikuwa wawili kwenye Trail of the Coeur d'Alenes, jimbo la Idaho, Marekani. Ni kama kilomita 116 za lami tupu, pale ilipopita reli ya kubebea madini. Mchana nikaketi kando ya njia, nikatoa mkate. Mwenzangu akaninyooshea kibao: usitoke kwenye njia, nawa mikono kabla ya kula. Kumbe tuta la reli lilijazwa magwangala (mabaki ya mawe) ya migodini, na udongo wa bonde lile una risasi (madini hayo, si ya bunduki). Ile lami tuliyokuwa tunaisifia ni kifuniko cha sumu! Mkate ukarudi begini.

Ndipo tukafika Wallace, mji wa wachimba fedha. Uliungua 1890, ukajengwa upya kwa matofali. Barabara kuu ya I-90 ilipotaka kupita katikati, wenyeji wakayaandikisha majengo yao kuwa urithi wa taifa. Serikali ikabidi iinue barabara juu ya nguzo pembeni ya mji, ikafunguliwa 1991. Taa ya mwisho ya kuongozea magari kwenye I-90 waliilaza kwenye jeneza, imo makumbusho. Nilicheka sana.

Kicheko kilikata mbele kidogo, kuelekea Kellogg. Kuna sanamu ya mchimbaji kainua mashine ya kutobolea mwamba, ukumbusho wa mgodi wa Sunshine. Tarehe 2 Mei 1972 moto ulizuka humo chini, wakafa 91, wengi kwa hewa ya sumu. Wawili walitolewa hai baada ya siku 7. Hapo hatukuongea, tulipanda baiskeli tukaondoka.

Haya, leteni zenu.

#2
Mimi ni Røros, Norway. Shaba ilichimbwa kuanzia 1644 hadi kampuni ilipofilisika 1977. Nyumba za mbao bado zinakaliwa, na nyuma yake kuna vilima vyeusi vya makapi ya tanuri. Kosa langu: nilipandisha kilomita kama 13 hadi mgodi wa Olavsgruva nikiwa nimelowa jasho, nikaingia hivyohivyo. Humo ndani ni nyuzi 5 mwaka mzima. Maelezo ya kiongozi sikuyasikia, meno yalikuwa yanagongana.

#3
Cornwall, Uingereza, ile njia ya Portreath hadi Devoran. Zamani farasi walivuta mabehewa ya shaba humo. Magofu ya nyumba za mashine za mvuke yako kila upande. Mwenzetu mmoja akachepuka kichakani kujisaidia, akataka kuruka ukuta mfupi wa mawe wa mviringo. Tulimvuta kwa jezi. Ule ukuta huzungushiwa mdomo wa shimo la mgodi!

#4
Mkuu #1, pale Wallace hukwenda Route of the Hiawatha, ile njia nyingine ya baiskeli?

#1
Nilikwenda mkuu, ni jirani tu. Njia yenyewe mteremko, raha mtupu, shida ni handaki la kwanza: kilomita 2.7 za giza, baridi, na maji yanakudondokea shingoni. Taa yangu ilizima katikati. Nilifuata taa nyekundu ya mwenzangu, naye, alikuja kuniambia tulipotoka, alikuwa anafuata ya mtu asiyemjua.